Kabla ya Kununua AC Nyingine: Mwongozo wa Hewa Safi kwa Nyumba za Zamani za Mwanza

AC ikipoza vizuri, ni rahisi kuamini kwamba hewa ya chumbani ni safi. Baridi ni kitu kimoja na usafi ni kitu kingine. AC ya ukutani, ile yenye boksi moja ndani na jingine nje, kwa kawaida haiingizi hewa mpya. Inanyonya hewa ya chumbani, inaipoza na kuirudisha humohumo. Kama ndani mna moshi wa mkaa, vumbi, fangasi wa ukutani na pumzi za watu watano waliolala, mtavivuta usiku kucha, tofauti ni kwamba vitakuwa vya baridi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi katika nyumba ya miaka mingi, au unayeimiliki, Mwanza na pembezoni mwa Ziwa Victoria. Labda ni ghorofa la katikati ya mji lenye maduka chini na vyumba juu, nyumba ya zamani ya Isamilo au Capri Point, nyumba ya karibu na maji Kirumba, au chumba na sebule kwenye nyumba zilizopandana miambani Mabatini na Igogo. Utaratibu ni uleule: ondoa chanzo cha uchafu, kausha nyumba, fungua njia ya hewa, halafu ndipo ushughulike na mashine. Wengi huanzia mwisho, na fedha yao inapotea.

KWA NINI UJISUMBUE

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Magonjwa yenyewe ni nimonia, kiharusi, moyo, mapafu yaliyoziba na saratani ya mapafu.

Kinachoumiza zaidi ni chembe usizoziona, zenye upana usiozidi maikroni 2.5. Unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 hadi 30. Ndiyo maana hazikamatwi na pua wala na wavu wa filta ya kawaida ya AC. WHO inashauri wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, na kwa saa 24 usizidi 15.

Kwa mkazi wa Mwanza kuna mambo manne ya kuongezea:

- Upepo hugeuka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku huvuma kuelekea ziwani. Jioni na alfajiri hewa hutulia, na moshi wa majiko hulala mabondeni.
- Nyumba zimepandana. Mlimani, jiko la jirani wa chini liko usawa wa dirisha la jirani wa juu.
- Maji huteremka miambani. Mvua haiingii kwenye mwamba. Inateremka hadi ikutane na ukuta wako wa nyuma. Kando ya ziwa, maji yenyewe hupanda: Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipita rekodi iliyodumu tangu 1964.
- Wadudu wa ziwa. Wale wadogo wanaoinuka makundi kwa makundi, hasa mwezi unapoandama, hujaa kwenye taa, nyavu na filta. Wakifa na kukauka huwa vumbi linaloweza kuamsha pumu na mafua ya mzio.

HATUA YA 1: KAGUA NYUMBA KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

Tenga jioni moja na asubuhi moja. Chukua tochi, nailoni angavu, utepe wa gundi na daftari.

1. Nusa. Kaa nje dakika kumi, kisha ingia. Pua iliyokaa ndani imeshazoea, haikuambii kitu. Harufu ya uvundo maana yake kuna unyevu. Harufu ya masizi maana yake moshi hauna pa kutokea.
2. Tazama juu. Weusi kwenye dari juu ya jiko, au juu ya mlango unaotoka jikoni kwenda sebuleni, unakuonyesha njia ambayo moshi hupita.
3. Sogeza kabati na kitanda. Fangasi hupenda ukuta ambao hewa haiufikii. Angalia rangi inayobambuka, unga mweupe wa chumvi na madoa meusi.
4. Pima ukuta kwa nailoni. Kata kipande cha sentimita 40 kwa 40, kibandike juu ya doa na uzibe pande zote nne. Kiache siku mbili. Matone yakiota upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta au ardhini. Yakiota upande wa chumbani, unyevu ni wa humo ndani: mvuke wa kupikia, kuoga, na nguo mnazoanika.
5. Pima matundu ya hewa. Shika kipande chembamba cha karatasi ya chooni mbele ya kila tundu juu ya dirisha. Kikitulia, tundu limeziba. Katika nyumba nyingi za zamani utakuta matundu yamefukiwa kwa magazeti, matambara au saruji, kwa ajili ya mbu au vumbi.
6. Fungua mfuniko wa AC. Mulika filta na mabati yaliyo nyuma yake. Ukiona tabaka la kijivu lenye mabawa ya wadudu, au weusi kwenye tundu la kutolea hewa, andika.
7. Waulize wa nyumbani. Nani anaamka na kichwa kinachouma? Kikohozi cha nani hupungua akisafiri na kurudi akirejea? Jibu hilo ni kipimo.

> HATARI: MKAA NA JENERETA NDANI
>
> Mkaa uliokolea, mwekundu usio na moshi, ndio unaowadanganya watu. Bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.
>
> - Usilale na jiko la mkaa ndani, hata ukiacha dirisha wazi kidogo.
> - Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani au mlangoni. Kibarazani na stoo si nje.
> - Dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, usingizi usio wa kawaida. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja, jihadhari mara moja.
> - Toka nje kwanza. Kisha piga 114 kwa Zimamoto na umkimbize mgonjwa hospitali. Mwambie daktari wazi: "Kulikuwa na mkaa ndani." Tiba ni oksijeni. Maziwa hayasaidii.

HATUA YA 2: ONDOA CHANZO

Hakuna mashine ya kusafisha hewa itakayoshindana na jiko la mkaa linalowaka chumba cha pili.

1. Hamisha moto. Kama uani pana nafasi, pikia uani chini ya paa lenye pande wazi. Mkaa uwashiwe nje daima, maana dakika za kwanza ndizo zenye moshi mwingi.
2. Badilisha nishati kwa vyakula virefu. Maharage, makande na nyama ngumu ndivyo vinavyokaa motoni saa nyingi. Ukivihamishia kwenye gesi au jiko la presha la umeme, umepunguza sehemu kubwa ya moshi hata kama ugali bado unausonga kwenye mkaa. Serikali nayo imeelekea huko: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034.
3. Ukitumia gesi, acha tundu chini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni. Jiko linahitaji tundu karibu na sakafu na jingine karibu na dari. Pima kiungio cha mpira kwa povu la sabuni kila ukibadilisha mtungi. Usipime kwa kiberiti.
4. Kukaanga nako ni moshi. Sangara na dagaa wa kukaanga hutoa moshi wa mafuta hata kwenye jiko la umeme. Funga mlango wa sebuleni, fungua dirisha la jikoni, na kama una feni ya kutolea moshi iwashe kabla ya mafuta kupata moto, uiache dakika kumi baada ya kumaliza.
5. Punguza dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta koili moja ikitoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa na wavu dirishani vinakinga vizuri zaidi, na havichafui mapafu. Udi na ubani usivukize chumba cha mtoto mchanga wala cha mwenye pumu.
6. Usichome taka uani. Plastiki zikichomwa chini ya dirisha, moshi wake utalala nanyi chumbani.

HATUA YA 3: KAUSHA NYUMBA

Fangasi hawaishi bila maji. Ukiwafuta bila kuziba maji, baada ya mvua chache watarudi palepale.

1. Anzia paani. Badilisha bati lililotoboka, funga gata, na maji ya gata yapelekwe mbali na msingi.
2. Chimba mtaro nyuma ya nyumba. Kwa nyumba ya mlimani hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote. Mtaro upite upande wa juu wa nyumba na kuyageuza maji kabla hayajafika ukutani. Usafishe kabla ya masika na kabla ya vuli.
3. Shusha udongo. Mvua za miaka mingi hulundika udongo hadi ukapita usawa wa sakafu. Uchimbe ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani.
4. Acha ukuta ukauke kabla ya rangi. Rangi ya mafuta au lipu ya saruji juu ya ukuta wenye maji inafungia maji ndani, kisha lipu inavimba na kudondoka. Baada ya kuziba chanzo, bandua lipu iliyokufa na uache ukuta wazi majuma kadhaa ya kiangazi. Rudia kipimo cha nailoni. Ukuta ukifaulu ndipo umwite mpaka rangi.
5. Anika nje. Nguo mbichi chumbani, na bafu lisilo na dirisha, vinatosha kulisha fangasi.

Kusafisha fangasi, kwa doa lisilozidi mita moja ya mraba: vaa barakoa nzuri, glavu na miwani, fungua madirisha, watoto na wenye pumu watoke. Sugua kwa maji ya sabuni, usifagie pakavu. Ukitaka kutumia dawa ya klorini ya kufulia, isizidi kikombe kimoja cha mililita 250 kwa lita 4 za maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, siki wala amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Dari la bodi lililolowa na kuota fangasi halisafishiki. Ling'olewe.

HATUA YA 4: FUNGUA NJIA YA HEWA

Waliojenga nyumba za zamani hawakutegemea AC. Waliweka dari la juu, matundu juu ya madirisha na milango inayotazamana. Sehemu kubwa ya kazi yako ni kurudisha walichoweka.

1. Zibua kila tundu, kisha uweke wavu wa mbu. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Tundu lisilo na wavu ni kubadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.
2. Piga nyavu brashi kila mwezi, na mara moja baada ya wadudu wa ziwa kupita. Wavu uliojaa vumbi na mabawa huzuia hewa kama ukuta.
3. Fungua pande mbili. Dirisha moja peke yake husaidia kidogo. Fungua la upande wa ziwa na jingine, au mlango, upande wa pili. Pazia la upande wa pili likianza kuvutwa kwenda nje, hewa inapita.
4. Chagua saa. Upepo wa ziwani ukishaanza, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, ndio wakati mzuri. Majirani wanapowasha majiko jioni, funga upande wa moshi na ufungue ule mwingine.
5. Usiache chumba cha kulala bila tundu. Ukiweza kupata kipimo cha kaboni dayoksaidi, nje kitasoma karibu 420. Ndani kikipita 1,000, hewa imechakaa. Hicho hakipimi sumu ya mkaa. Kwa sumu hiyo unahitaji king'ora cha kaboni monoksaidi, kifaa kingine kabisa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kukiwa na kifua kikuu nyumbani. Vijidudu vya TB husafiri hewani na kujaa kwenye chumba kilichofungwa. Dirisha wazi huvipunguza, na matibabu ya TB ni bure katika vituo vya serikali.

HATUA YA 5: AC YA UKUTANI

*Unachofanya mwenyewe, kila majuma mawili, na kila juma wakati wa vumbi au wadudu:*

1. Zima AC, kisha zima swichi yake ukutani.
2. Inua mfuniko, vuta filta taratibu ili vumbi lisikumwagikie.
3. Ipige maji kutoka upande wa nyuma, ili uchafu utoke ulikoingilia. Sabuni ya vyombo inatosha.
4. Ikaushe kivulini. Jua kali linaikunja. Ikirudishwa mbichi inaotesha fangasi.
5. Futa mabawa ya kutolea hewa kwa kitambaa kibichi.
6. Angalia bomba la maji nje. AC ikifanya kazi, kwa kawaida bomba hudondosha maji. Kama halidondoshi na maji yanachuruzika ukutani ndani, bomba limeziba.
7. Kabla ya kuizima usiku, iweke kwenye feni peke yake kwa dakika 20 au 30. Mabati ya ndani yatakauka na ule uvundo wa asubuhi utapungua.

*Unachomwachia fundi, angalau mara moja kwa mwaka:* kuosha koili ya ndani na ya nje, sinia la maji, ile feni ndefu ya mviringo iliyo ndani, na kukagua nyaya. Feni hiyo ndiyo husahaulika. Mulika kati ya mabawa: ukiona weusi umeganda kwenye vile visu vyake, kila pumzi ya AC inapita hapo.

> MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI AC
>
> - "Utafungua feni ya ndani au utapuliza koili tu?"
> - "Mashine hii inatumia gesi gani?"
> - "Kwa nini gesi imepungua?" Gesi ya AC hailiwi. Ikipungua, inavuja. Fundi anayeongeza kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ileile mara nyingi.

AC nyingi za zamani zinatumia gesi ya R-22, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilipangiwa kuipunguza kwa asilimia 35 ifikapo 2020 na 67.5 ifikapo 2025, na kubakiza kidogo tu cha matengenezo baada ya 2030. Mashine ya R-22 inayovuja usiitie fedha nyingi. Na usikubali ijazwe R-32 au R-290: gesi hizo hushika moto, na mashine hiyo haikuundwa kwa ajili yake.

HATUA YA 6: AC YA MABOMBA YA DARINI

Baadhi ya ofisi, hoteli na nyumba kubwa za zamani zina mashine moja inayosukuma hewa vyumba vyote kupitia mabomba ya bati juu ya dari. Uzuri wake ni kwamba filta moja nzuri inahudumia jengo zima. Ubaya wake ni kwamba uchafu wa chumba kimoja unagawiwa kwa wote.

1. Tafuta tundu la kurudishia hewa, lile kubwa linalonyonya. Likiwa karibu na jiko, choo au gereji, lihamishwe. Hii ni kazi ya kwanza.
2. Tafuta mlango wa hewa ya nje. Mifumo mingi ina kipande cha bati kinachofunguka kuingiza hewa mpya. Mara nyingi hukutwa kimefungwa kabisa ili kubana umeme, au kimezibwa na kiota cha ndege. Kifunguliwe, kiwekwe wavu, na kisitazame jenereta wala jalala.
3. Panda daraja la filta kwa hatua. Filta hupimwa kwa kipimo cha MERV. MERV 8 hukamata vumbi la kawaida. MERV 13 hukamata angalau nusu ya chembe za maikroni 0.3 hadi 1, na angalau asilimia 85 ya zile za maikroni 1 hadi 3. Lakini feni ya zamani inaweza kushindwa kuvuta kupitia filta nzito: hewa inapungua, koili inaganda barafu, mota inaungua. Mwambie fundi apime mkandamizo wa hewa kwanza. Ikibidi, anzia katikati.
4. Ziba ukingo wa filta. Hewa hupita palipo rahisi. Uwazi wa kidole kimoja pembeni unaifanya filta ya bei kubwa kuwa pambo.
5. Ziba viungio vya mabomba kwa utepe wa alminiamu au gundi maalumu ya mabomba. Utepe wa kitambaa hukauka na kubanduka. Bomba linalovuja darini hunyonya vumbi, mavi ya popo na kinyesi cha panya.
6. Sufi iliyolowa itolewe. Kitambaa cha kuzuia joto kikishaota fangasi hakioshwi. Kibadilishwe.

UKITAKA KUKARABATI: MAMBO MATATU YA KUTOGUSA OVYO

- Asbesto. Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa kwa vigae vipana vya kijivu vyenye mawimbi, vigumu kama saruji. Vikiwa vizima havina madhara makubwa. Hatari huanza vikikatwa, vikitobolewa, vikisuguliwa au vikivunjwa. Usimruhusu fundi apige nyundo. Wasiliana kwanza na ofisi ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) Mwanza.
- Rangi za zamani. Zinaweza kuwa na risasi. Usizipige msasa pakavu. Lowesha, kwangua, kusanya unga wote, na watoto wakae mbali.
- Sakafu juu ya mwamba. Mawe ya graniti huwa na urani kidogo inayozalisha gesi ya radoni, na gesi hiyo hupenya kwenye nyufa za sakafu. WHO inashauri isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Ziba nyufa, acha hewa ipite, hasa kwenye chumba kilichochimbwa ubavuni mwa mwamba. Maswali ya upimaji wapelekee Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC).

KAMA UMEPANGA

Kazi ya paa na mtaro si yako peke yako. Piga picha, kisha andika kwa adabu na kwa uwazi. Mfano:

> "Shikamoo mzee. Ukuta wa nyuma wa chumba cha watoto umelowa tangu masika yaanze, na fangasi wamefika usawa wa dirisha. Picha nimekutumia. Fundi amesema maji yanatoka kwenye mtaro ulioziba juu ya nyumba. Naomba tuanze na mtaro kabla ya rangi. Nikisimamia kazi na kukuletea risiti, tunaweza kukata kwenye kodi ya miezi inayofuata?"

Mwenye nyumba huwa mwepesi kukubali akionyeshwa chanzo, gharama na risiti kuliko akisikia lawama.

MAKOSA YANAYORUDIWA

1. Kuweka madirisha ya alminiamu ya kuteleza na kuziba matundu ya juu siku hiyohiyo. Nyumba inapendeza, hewa inakufa.
2. Kununua pafyumu ya chumba kwa sababu ya uvundo. Umeficha harufu, umeongeza kemikali.
3. Kupuliza dawa ya wadudu kisha kuwasha AC na kufunga. Pulizia, toka, rudi baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, fungua madirisha kwanza.
4. Kununua mashine ya kusafisha hewa inayotoa ozoni. Ozoni huumiza mapafu. Ukinunua, chagua yenye filta ya HEPA, na hakikisha filta za kubadilisha zinapatikana.
5. Kufagia pakavu. Vumbi hupanda na kutua tena. Nyunyiza maji au piga deki.

KALENDA YA MWAKA

- Februari: gata, mtaro na bati, kabla ya masika.
- Machi hadi Mei: fuatilia madoa ukutani, kausha bafu, tumia AC kwa hali ya kukausha hewa kama inayo.
- Juni hadi Septemba: msimu wa vumbi. Filta kila juma, lipu na rangi, sevisi kubwa ya AC.
- Oktoba hadi Desemba: mtaro tena kabla ya vuli kukolea, nyavu.

ORODHA YA KUBANDIKA MLANGONI

☐ Hakuna mkaa wala jenereta ndani
☐ Kila chumba cha kulala kina tundu lililo wazi lenye wavu
☐ Jiko la gesi lina tundu la chini na la juu
☐ Mtaro wa nyuma na gata ni safi
☐ Ukuta umefaulu kipimo cha nailoni
☐ Filta ya AC imeoshwa na kukauka
☐ Bomba la maji ya AC linadondosha
☐ Madirisha ya pande mbili hufunguliwa kila siku

Mtu akibaki na kikohozi kinachozidi majuma mawili, au akipumua kwa shida, usingoje ukarabati uishe. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.

Kama fedha yako inatosha kazi moja tu mwaka huu, toa mkaa ndani ya nyumba. Ikitosha mbili, chimba mtaro. Kuzibua matundu ni kazi ya Jumamosi moja na gharama ya kipande cha wavu. AC mpya ingoje hayo matatu yaishe.